Nyekundu ya ramani na kunde za bi mkubwa

Masika yakianza, simu hazinyamazi: "Njoo uturushie hiyo ndege yako, magugu yametushinda." Nafungasha droni yangu yenye kamera, ya kuchora ramani ya magugu shambani, na betri zake, navuka feri ya Likoni alfajiri, naelekea Tiwi na Matuga, maana hapa kisiwani Mombasa cha kulima ni kidogo.

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi ule wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kamera ya droni huuona. Programu hulinganisha miale hiyo miwili katika kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, na udongo hujitenga na majani. Hapo ni rahisi. Kazi ni kutenganisha jani na jani: mche wa mahindi wa wiki tatu na gugu la wiki tatu vyote ni vya kijani. Basi programu hushika mistari. Ikishajua mahindi yamepita wapi, chochote kilichoota katikati hukipaka nyekundu, kama gugu la kupigwa dawa.

Hiyo nyekundu ndiyo iliyonitia aibu. Shamba la ekari nne, Matuga, ramani imetoka na utepe mwekundu mrefu karibu na minazi. Nikamwonyesha mwenyewe kwenye simu, bi mkubwa mwenye leso kiunoni. Akaitazama, akacheka.

"Mwanangu, hizo ni kunde zangu. Mwataka kuniulia kunde?"

Kweli, alizipanda katikati ya mahindi. Dawa ya kuua magugu ya majani mapana ingeyaacha mahindi salama na kuzikausha kunde zote. Tangu siku ile sitoi ramani kabla sijalizunguka shamba kwa miguu, na mwenyewe awe kando yangu.

Watu huniuliza kuhusu bei ya kamera. Mimi huwauliza wamepanda lini. Ukichelewa, mahindi hufunika mistari na droni haioni chini. Urefu wa kuruka nao una maana: kwa kamera yangu, nikiwa mita 30 pikseli moja ni kama sentimita moja ya ardhi, nikipanda hadi 120, chipukizi la ndago, lile gugu kama nyasi lenye viazi vidogo ardhini, hupotea. Adhuhuri vivuli ni vifupi, lakini upepo wa kusi huwa umeshachachamaa, kwa hiyo huruka saa tatu au saa nne asubuhi. Vibali ni vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwetu uwanja wa ndege uko Changamwe, si mbali, usirushe kienyeji.

Ndago ndiyo adui hasa. Ukiilima kwa jembe, wazikata zile nyuzi zinazounganisha viazi vyake ardhini, na kila kiazi huchipua kivyake. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, hushuka hadi kwenye viazi, ila huua na mahindi, kwa hiyo nozeli, ule mdomo wa bomba la kupulizia, huvishwa kofia na kushushwa karibu na ardhi.

Huku hakuna trekta la kusoma ramani. Kuna kibarua na bomba la lita 20 mgongoni. Kwa hiyo ramani yangu huishia kuwa vigingi vyenye vipande vya plastiki nyekundu, nikivichomeka huku natazama simu. Kwa bi mkubwa ndago ilikuwa mabaka matatu tu, bondeni maji yanapotuama. Kupulizia shamba zima kungekula bomba nne au tano kila ekari. Mabaka yale yalimalizwa na bomba mbili. Bi mkubwa alimfuata kibarua unyounyo mpaka alipozipita kunde.