Mke kijani, mume njano: maswali ya moyo chini ya mwembe, Ngamiani

Jumamosi moja tuliweka meza na mashine mbili za presha chini ya mwembe, Ngamiani, Tanga. Wakaja mume na mke wamepakiana baiskeli. Mume miaka 52, anavuta sigara. Mke 44, havuti. Presha zao zilikaribiana, na wote wawili walijiona wazima. Kwenye chati ya hatari ya moyo, mke akaangukia kijani, yaani hatari ndogo, mume njano, hatua moja juu yake. Mke akacheka: "Nilikwambia!" Maswali yakaanzia hapo.

Nesi, hiyo chati inajuaje moyo wangu?

Haioni moyo wako, baba. Inakisia. Ni chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, ya watu wa miaka 40 hadi 74 ambao bado hawajaugua moyo wala kiharusi. Tunaangalia umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, na uzito kulinganisha na urefu. Ipo nyingine inayotaka kipimo cha kolesteroli na kujua kama una kisukari. Jibu lake ni uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo. Wanaume wana majedwali yao, wanawake yao.

Kwa nini tutenganishwe? Si moyo ni ule ule?

Kazi yake ni ile ile, lakini haufiki kwenye ugonjwa kwa wakati mmoja. Utafiti mkubwa wa nchi 52, uliotoka 2004, ulikuta wanawake wanapata shambulio la kwanza la moyo takriban miaka tisa baada ya wanaume. Homoni ya estrojeni inatajwa kama sababu mojawapo. Nyingine ni kwamba wanaume wanaanza mapema mambo yanayoharibu mishipa, sigara ikiwamo. (Hapo mume aliitazama pakiti iliyochungulia mfukoni mwake, akaisukuma ndani.)

Basi mimi kijani, nimesalimika?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Nilimjibu kwa swali: mimba zako zilikwendaje? Akanyamaza kidogo. Mimba ya pili, akasema, alivimba miguu na uso, presha ikapanda, akalazwa na kuzalishwa kabla ya siku zake. Kadi ya kliniki anayo, imefungwa ndani ya khanga sandukuni.

Chati yetu haina mahali pa kuandika hayo. Mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, au kifafa cha mimba chenyewe, hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye ni kama mara mbili ya mwenzake ambaye hakupata, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Kisukari cha ujauzito nacho huacha alama: wengi hurudiwa na sukari miaka ya mbele. Na hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, hatari inapanda.

Kwa hiyo kijani chake nakiamini nusu. Maana yake ni kwamba miaka 10 ijayo hatari ni ndogo. Umri ndio unaobeba uzito mkubwa kwenye hesabu hizi, ndiyo maana mwanamke wa miaka 40 na kidogo karibu kila mara hutoka vizuri, hata akiwa na mambo yatakayomfikia akiwa na 60. Nilimwambia apime presha kila mwaka, na sukari pia.

Na mwanamke anayevuta sigara, au mwenye sukari?

Vyote viwili ni vibaya kwa kila mtu, ila vinamwumiza mwanamke zaidi. Kisukari hasa hula ile nafasi ya miaka aliyokuwa nayo mbele ya mwanaume.

Kitambi je?

Tepu tunaizungusha tumboni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi. Mume alibana tumbo. Nikasubiri mpaka akachoka. Kwa vipimo vinavyotumika sana, mwanaume anaanza kuangaliwa akifika sentimita 94, mwanamke 80.

Dalili zinatofautiana?

Kifua kubana ndiyo dalili kuu kwa wote, msidanganywe. Lakini mwanamke mara nyingi zaidi huongeza mengine: pumzi kukata, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya, uchovu usioeleweka. Nyumbani wataambiwa ni gesi, wapewe tangawizi. Ikimjia ghafla asubiri nini? Bajaji, moja kwa moja hospitali.

Kadi ya zamani ikipotea?

Sema kwa mdomo. Daktari akikuuliza sigara na presha tu, mkatize: "Mimba yangu ya pili nilipata presha, nilizalishwa mapema." Inatosha aiandike. Yule mama hakungoja Jumamosi nyingine. Alimwacha mume anakunywa kahawa, akachukua baiskeli, na baada ya nusu saa kadi ilikuwa mezani, rangi imefifia, namba za presha bado zinasomeka: 170 kwa 110.