Nyumba ya kupangisha kwenye joto na unyevu: kazi ifanye kabla mvua haijaanza

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha, tena kwenye hali ya hewa ya joto la mwaka mzima ambapo hewa yenyewe imejaa maji, na kila mwaka simu zinaanza kumiminika ile ile wiki mvua inapokolea. Dari inavuja, ukuta una madoa meusi, mlango haufungi, AC inadondosha maji kitandani. Mwenye nyumba anataka fundi leo leo. Sasa nyie wenye nyumba niwaambie wazi, mvua ikishaanza umeshachelewa, maana kazi karibu zote za maana zinataka ukuta mkavu, bati kavu na udongo mkavu. Silikoni ukipaka kwenye ufa wenye maji haishiki, rangi juu ya ukuta mbichi inatoa malengelenge, fundi mwenyewe juu ya bati lenye utelezi unahatarisha maisha yake. Kiangazi ndio msimu wa kazi. Msimu wa mvua ni wa kuangalia, kupiga picha na kuandika, basi, na yale ya dharura tu ndio unayashika palepale.

Kitu cha kwanza kabla hujatoa hela yoyote ni kujua haya maji yanatoka wapi. Naona watu wanapaka rangi ukuta ule ule kila mwaka na madoa yanarudi kila mwaka, kwa sababu hakuna aliyeuliza chanzo. Maji ndani ya nyumba yana njia nne tu kubwa: yanaingia na mvua kutoka juu au ubavuni, yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, yanavuja kwenye bomba, au yanatoka kwenye hewa ya chumba yanageuka matone kwenye kitu chenye ubaridi. Kila moja ina alama yake ukizoea. Ya mvua yanaloa baada ya mvua na kukauka jua likiwaka siku mbili tatu, yanaacha doa lenye ukingo wa kahawia. Ya ardhini yanakaa chini, mara nyingi hayavuki kama mita moja hivi kutoka sakafuni, na ukuta unatoa chumvi nyeupe, plasta inamomonyoka ukiigusa. Ya bomba hayajali msimu, kiangazi yapo na mvua yapo, funga koki zote za nyumba uone kama mita ya maji bado inazunguka. Ya hewani ndio yale madoa meusi madogo madogo kwenye kona, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda kilichobanwa ukutani.

Kama bado huelewi, kuna kipimo rahisi sana na hakina gharama. Chukua nailoni safi, mraba wa kama nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, iache masaa 24 au siku mbili. Ukikuta maji upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Ukikuta nailoni imeloa kwa nje, upande wa chumba, ujue ni hewa ya chumba yenyewe. Majibu haya mawili yanakupeleka kwa mafundi wawili tofauti kabisa, na nimeona mwenye nyumba akivunja plasta ya chumba kizima wakati tatizo lilikuwa hewa na kabati lililobanwa ukutani.

Hii ya hewa niikalie kidogo maana ndio inayoeleweka vibaya kuliko zote. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo kwa sisi wa joto ni siku ya kawaida tu, ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini inaacha maji palepale. Nyuzi 25 sio baridi, ni ukuta wa kawaida tu uliopozwa kidogo! Kwa hiyo mpangaji akiweka AC nyuzi 18 usiku kucha, ukuta unapoa mpaka upande wa pili, na kule upande wa pili kama ni chumba kisicho na AC, ile hewa ya joto yenye maji inakuja kuacha matone juu yake. Ndio maana mara nyingi fangasi unazikuta kwenye chumba cha jirani na sio kwenye chumba chenye AC, na watu wanabishana wiki nzima paa linavuja wapi wakati paa ni zima. Dawa yake ni kupandisha AC iwe 24 mpaka 26, kabati livutwe liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na chumba kile kipate feni au upepo.

Afu kuna huu ushauri wa "fungua madirisha tu nyumba ipumue". Ni kweli kwa nyumba isiyo na AC, fungua pande mbili zinazotazamana upepo upite, tena asubuhi jua likishapanda ndio nzuri zaidi kuliko alfajiri au mara tu baada ya mvua. Ila kwenye nyumba inayopozwa kwa AC, kufungua dirisha nje kukiwa na unyevu mkubwa ni kuingiza maji ndani kwa hiari yako, yanaenda kukaa kwenye kuta zilizopoa. Chagua moja. Na kwenye mkataba au kwenye karatasi ya maelezo unayompa mpangaji mwandikie hivyo, asibahatishe. Kinunue kile kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani, kiache ndani ya nyumba: chini ya asilimia 60 uko salama, ikikaa juu ya 70 siku nyingi mfululizo fangasi zinakuja, ni suala la muda.

Wapangaji nao tusiwalaumu bure. Watu wanne wakiishi kawaida tu, wakipika, wakioga, wakifua, wakipumua, wanaweza kuongeza kama lita 10 za maji kwenye hewa ya nyumba kwa siku moja. Msimu wa mvua nguo zinaanikwa ndani kwa sababu nje hakuna jua, mpangaji afanyeje sasa? Mwenye nyumba ndio anatakiwa kuwaza: kibaraza chenye paa pa kuanikia, feni ya kutoa hewa bafuni na jikoni. Na hiyo feni itoe hewa mpaka NJE. Nakuta mafundi wanaielekeza juu ya dari wanaondoka zao, mvuke wote unabaki kwenye mbao za paa, mwaka wa pili dari inaanza kulegea na kila mtu anashangaa.

AC yenyewe. Malalamiko ya AC kumwaga maji ndani mara nyingi sio gesi wala ubovu mkubwa, ni bomba la kutolea maji limeziba kwa ute na vumbi. Kabla ya msimu fundi alizibue, apulize au avute ute, na wengine wanamimina siki kidogo kila baada ya miezi michache kuzuia ute usijenge tena. Filta mpangaji anaweza kuosha mwenyewe kwa maji tu kila wiki mbili mpaka nne, muonyeshe siku ya kumkabidhi funguo, dakika tano zinatosha. Filta ikiziba hewa haipiti, koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, inaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanadondoka, na umeme ameulipia bure. Kingine, usimfungie mtu AC kubwa kuliko chumba ukidhani unamfurahisha. AC kubwa inapoza haraka inazima kabla haijakausha hewa, chumba kinakuwa cha baridi na chenye unyevu pamoja, hali ambayo fangasi zinaipenda.

Haya paa. Panda kiangazi. Kwenye bati kitu kinachokufa kwanza sio bati, ni zile raba chini ya misumari au skrubu, jua linazikausha zinapasuka, na kila skrubu iliyochoka ni tundu. Njia ya kuzikamata ni kuingia juu ya dari saa sita mchana jua kali ukiwa umezima taa, kila penye nukta ya mwanga weka alama kwa chaki. Kagua kofia za paa, kagua pale paa linapokutana na ukuta, hapo ndio panavuja kuliko katikati ya bati. Matawi yanayogusa paa kata, yanakwangua rangi ya bati na majani yake yanaishia kwenye gata. Gata safisha mwishoni mwa kiangazi na urudie katikati ya mvua. Halafu mwaga ndoo ya maji uone yanakoelekea, kwa sababu gata lililolala upande usio sahihi litakuonyesha dimbwi hata likiwa safi, na dimbwi ni mbu. Kwenye joto yai la mbu linafika mbu kamili ndani ya siku 7 mpaka 10, kwa hiyo maji yoyote yanayosimama zaidi ya wiki, iwe gata, sahani ya maua au tanki lisilo na wavu, unafuga mbu kwa ajili ya wapangaji wako.

Maji yakishuka kutoka paani yanaenda wapi? Hapa ndio naona nyumba nzuri zinaharibika. Bomba la gata linamwaga palepale miguuni mwa ukuta, mwaka baada ya mwaka, udongo unachimbika, maji yanaingia kwenye msingi, afu mwenye nyumba anasema hii nyumba ina unyevu wa ardhini. Ardhi inatakiwa ishuke kutoka ukutani, kama sentimita 5 kwa kila mita, angalau kwa mita tatu za kwanza. Na udongo au bustani visipande juu ya ukuta, acha sentimita 15 za ukuta zionekane, hiyo pia ndio inayokuwezesha kuona mchwa wakijenga njia zao za udongo kupanda juu. Mvua za kwanza wakitoka kumbikumbi ukakuta mabawa yamerundikana ndani chini ya dirisha, usifagie tu ukasahau. Inawezekana wametoka ndani ya nyumba yenyewe. Ita mtu wa dawa mapema, na mbao zilizorundikwa nyuma ya nyumba toa.

Dirisha za aluminiamu zina vitundu vidogo kwenye reli ya chini, upande wa nje, vya kutolea maji ya mvua. Vikijaa mchanga maji yanajaa kwenye reli yanamwagika ndani, na fundi asiyejua anakuja kuviziba kabisa kwa silikoni! Vizibue kwa waya, kazi ya dakika mbili.

Milango ya mbao inavimba msimu wa mvua, kila mpangaji atakwambia mlango umekaza. Usikubali fundi aupige randa wakati huo isipokuwa mtu anashindwa kabisa kutoka au kufunga, kwa sababu kiangazi mbao zitasinyaa na utabaki na mwanya wa kupitisha mjusi. Weka alama panapogusa, subiri ikauke, afu punguza kidogo na upake rangi kingo zote, hasa ya juu na ya chini ambazo mafundi wengi hawazipaki kwa vile hazionekani. Maji yanaingilia huko.

Fangasi zikishatokea, zifute na sabuni na maji kwenye vigae na ukuta uliopakwa rangi, vaa kitu puani, kausha kabisa. Klorini ukitumia usiichanganye na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala amonia, inatoa gesi ya sumu na watu wanaumia kweli. Dari ya jipsamu iliyoloa ikakaa siku nyingi usiifute, ikate hicho kipande itoke, kwa sababu fangasi zinaanza ndani ya siku moja mpaka mbili na zikishazama kwenye karatasi yake huwezi kuzitoa. Rangi inakuja mwisho kabisa, baada ya chanzo kuzibwa na ukuta kukauka, na ule ukuta unaopata unyevu wa chini usiupake rangi ya mafuta, unayafungia maji ndani na plasta itadondoka nayo.

Shimo la maji taka linyonywe kiangazi. Ardhi ikijaa maji, tanki la plastiki likiwa tupu linaweza kuelea likapanda na kung'oa mabomba, na hilo ni balaa kubwa. Umeme pia, kile kibreka cha usalama chenye kitufe cha majaribio kibonyeze kila baada ya miezi mitatu, kisipokata hapohapo badilisha, hasa kama kuna soketi za nje au hita ya bafuni. Taa na soketi za nje angalia mifuniko yake, sisimizi na maji wote wanaingia humo.

Na nyumba ikiwa tupu kati ya mpangaji na mpangaji, usizime kila kitu ukafunga madirisha ukaondoka mwezi mzima, utarudi ukute viatu na makabati yameota ukungu. Kama kuna AC iache nyuzi 27 au 28 au kwenye ile programu ya kukausha yenye alama ya tone, kama hakuna tuma mtu mara mbili kwa wiki afungue, awashe feni, aache milango ya makabati wazi, amwage maji kwenye mabomba ya sinki na bafuni ili yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba kuziba harufu yasikauke na harufu ya maji taka ikapanda ndani. Akitoka apige picha kuta zote nne za kila chumba na pembe za dari, zenye tarehe, maana hizo picha mpangaji mpya akiingia ndio zitakazowaonyesha nyote wawili kama doa lilikuwepo au limekuja juzi.