Maha Bandula hakushindwa kwa sababu ya mikuki

Kila nikifundisha vita vya kwanza vya Waingereza na Waburma, vya 1824 hadi 1826, hazikosekani karatasi za mtihani zinazodai kwamba Jenerali Maha Bandula wa Burma (leo Myanmar) alishindwa kwa kuwa watu wake walikabili bunduki kwa mikuki na mapanga. Nimechoka kulipigia hilo mstari mwekundu.

Waburma walikuwa na magobori na mizinga miaka mingi kabla Bandula hajazaliwa mwaka 1782. Ni kweli bunduki zao zilikuwa kuukuu, baruti yao hafifu, na wenye mikuki walikuwepo. Lakini Mei 1824 jeshi lililokuwa chini ya amri yake lilisambaratisha kikosi cha Waingereza kule Ramu, mpakani upande wa Bengal, na kumuua kamanda wake, Kapteni Cotton. Hofu ikatanda hadi Calcutta, makao makuu ya Waingereza India. Nayo ilikuwa mikuki?

Ushauri wangu ni uleule: fungua ramani kabla hujahesabu bunduki. Bandula alikuwa magharibi mwa Burma, Arakan, macho yakiwa Bengal, jimbo la Waingereza huko India. Mwezi huohuo Waingereza wakazunguka kwa bahari na kuiteka bandari ya Rangoon nyuma yake. Ikambidi avushe askari milima ya Arakan mwezi Agosti, mvua za monsuni zikinyesha. Kufikia Desemba aliizunguka Rangoon na watu wapatao 30,000, dhidi ya Waingereza na masipahi (askari wao wa Kihindi) wasiofika 5,000.

Siku ya kwanza ya Desemba, safu nzima za askari wake zilipotelea ardhini maofisa wa Kiingereza wakitazama. Kila shimo lilitosha watu wawili, na ndani mlikuwa na mchele, maji, kuni na matandiko ya nyasi. Hao si watu wasiojua vita. Tatizo ni kwamba sasa ndio waliotakiwa kushambulia, tena pagoda (hekalu la Kibuddha) ya Shwedagon, iliyoko kilimani na kujaa mizinga. Walizoea kupigana kutoka msituni na ndani ya maboma ya magogo. Mtoni nako, mashua zao za kivita hazikuiweza Diana, meli ya mvuke isiyongoja upepo. Ukitaka kumlaumu Bandula, mlaumu kwa kukubali pambano la uwanjani, si kwa mikuki.

Makosa mengine ya mitihani nitayajibu kwa ufupi. Wapo wanaodhani alipigana na Wajapani, kwa kuwa babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa Burma mwaka 1944. Bandula alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 100.

Kwamba alikufa upanga mkononi: hapana. Tarehe 1 Aprili 1825 alipigwa na kombora ndani ya boma lake la Danubyu, na simulizi husema alikuwa akitembea chini ya mwavuli wa dhahabu kuwatia moyo askari. Kulipokucha boma lilikuwa tupu.

Kwamba alikuwa mpigania uhuru tu: kawaulize watu wa Manipur na Assam, ambako aliongoza majeshi ya uvamizi kabla ya Waingereza kuingia vitani.

Na kwamba vita viliisha alipokufa: viliendelea karibu miezi 11 zaidi. Mkataba wa Yandabo ulitiwa saini tarehe 24 Februari 1826, na mfalme Bagyidaw akapoteza Arakan, Assam, Manipur na Tenasserim, juu yake akatozwa fidia ya pauni milioni moja.