Je, wajua kwa nini Waingereza walikuwa bado wanalipa deni la utumwa mpaka 2015?

Mwezi wa kumi kule Uingereza ni mwezi wa historia ya watu weusi, wameuanza tangu 1987, na mwaka jana binti wa dada yangu aliyezaliwa Birmingham alinipigia WhatsApp akaniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kumjibu. Mamdogo, eti ni kweli bibi alikatwa kodi ili mabwana wa watumwa walipwe? Bibi anayemsema ni mama wa baba yake, Mjamaika, kaingia Uingereza miaka ya sitini, kafanya usafi na baadae uuguzi mpaka kustaafu. Nikamwambia ngoja nitafute.

Nimetafuta, na jibu ni ndiyo. Kodi ya yule bibi, na ya dada yangu pia aliyeanza kazi kule 2006, ilisaidia kubeba deni ambalo serikali ilikopa mwaka 1835 ili kuwalipa fidia waliokuwa wanamiliki watu. Sio waliomilikiwa. Naomba ulisome tena hapo maana wengi wakisikia neno fidia na utumwa pamoja wanadhani waliolipwa ni watumwa, mi mwenyewe nilidhani hivo hivo.

Ilikuwaje sasa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya kununua na kusafirisha watumwa mwaka 1807, lakini waliokuwa tayari kwenye mashamba ya miwa Jamaica, Barbados, Guiana (Guyana ya leo) na makoloni mengine ya Karibiani walibaki watumwa vilevile, na watoto wao pia. Krismasi ya 1831 maelfu kwa maelfu ya watumwa Jamaica wakagoma na kuinuka, kiongozi wao alikuwa mhubiri wa Kibaptisti anaitwa Sam Sharpe, yeye mwenyewe mtumwa. Wakazimwa kwa risasi na kamba, mamia wakanyongwa, Sharpe akanyongwa Mei 1832. Ila London wakaelewa kwamba mambo hayawezi kuendelea hivi, na mwaka uliofuata, 1833, Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Mashuleni wanapenda kutaja wabunge na wachungaji wema wa London, sawa walikuwepo, lakini Sharpe na wenzake ndo walioufanya utumwa uwe ghali kuulinda, na jina lake linapaswa kutajwa la kwanza.

Tatizo lilikuwa hili, kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mtumwa aliandikwa mali, kama ng'ombe au mtambo wa kusagia miwa, na bungeni kulikuwa kumejaa watu wenye mashamba, au wenye ndugu wenye mashamba, au waliowakopesha wenye mashamba. Wakasema huwezi kumnyang'anya mtu mali yake bila kumlipa. Bila malipo sheria isingepita. Basi ikakubaliwa pauni milioni 20, na hiyo kwa wakati ule ilikuwa kama asilimia 40 ya matumizi yote ya serikali kwa mwaka mzima. Hazina haikuwa nazo, ikakopa milioni 15 kwa matajiri wa London wakiongozwa na Nathan Rothschild na shemeji yake Moses Montefiore, zilizobaki ikatoa kwa hatifungani, yaani karatasi za deni la serikali zenye riba.

Hapa ndo pananiumiza zaidi, jinsi madai yalivyofanyika. Iliundwa tume London, mwenye watumwa anajaza fomu, anataja ana watu wangapi, na wanapangwa kwa madaraja, manyapara, mafundi, wa shambani, wa nyumbani, watoto chini ya miaka sita, halafu daraja la mwisho la wazee na wagonjwa wasiofaa tena kwa kazi, na kila daraja lina bei yake. Bei zilikokotolewa kutokana na watu walivyouzwa kati ya 1822 na 1830, kwa hiyo mtu mwenye nguvu zilezile Guiana alikuwa na bei kubwa kuliko wa Jamaica kwa sababu tu mashamba ya kule yalikuwa yanalipa zaidi. Watu kama laki nane wakawekewa bei hivo.

Na waliolipwa sio matajiri wakubwa peke yao. Walikuwemo wajane waliorithishwa watumwa wawili watatu, wachungaji, hata taasisi ya kimisionari ya Kanisa la Anglikana iliyokuwa na shamba la Codrington kule Barbados. Juu kabisa walikuwepo watu kama John Gladstone wa Liverpool, baba wa yule Gladstone aliyekuja kuwa waziri mkuu mara nne, alidai kwa ajili ya watu zaidi ya 2,500 na akalipwa zaidi ya pauni laki moja. Karibu nusu ya fedha yote ilibaki Uingereza kwa watu ambao wengi wao hata mashamba yenyewe hawakuwa wanakaa huko, wengine wakaziingiza kwenye reli, wengine kwenye benki na majumba.

Waliokuwa watumwa je? Hawakupewa hata senti. Tena sheria ilisema tarehe 1 Agosti 1834 wanakuwa huru, lakini uhuru wenyewe ukaitwa uanagenzi, kwamba wa shambani waendelee kumfanyia kazi bwana yuleyule bila mshahara mpaka saa 45 kwa wiki, kwa miaka sita. Watoto wadogo tu ndo waliachiwa palepale. Yaani mwenye shamba kalipwa fedha, halafu kaongezewa na kazi ya bure juu yake, na huyo aliyeshika jembe ndo kalipia sehemu ya uhuru wake kwa jasho lake. Siku hiyohiyo watu Trinidad walikusanyika Port of Spain wakapiga kelele kwamba miaka sita hawaitaki. Kelele ziliendelea mpaka mpango huo ukafutwa 1 Agosti 1838.

Sasa 2015 inatoka wapi. Serikali inapokopa kwa namna ile haikai na deni moja mpaka liishe, inalihamisha, kama mtu anavyohamisha deni kutoka daftari la zamani la duka kwenda daftari jipya. Deni la 1835 lilihamishwa hivo mpaka likaja kuingia kwenye hatifungani moja ya riba ya asilimia 4 iliyotolewa 1927, Winston Churchill akiwa waziri wa fedha, na hatifungani hiyo haikuwa na tarehe ya mwisho, serikali ilikuwa inalipa riba tu mwaka hadi mwaka. Humo ndani yalichanganywa na madeni ya vita na mengine, kwa hiyo huwezi kusema pauni hii hasa ni ya mtumwa wa shamba fulani, imeshachanganyika. Ila Hazina yenyewe ndo imesema deni la utumwa liliishia humo, na hatifungani ile ikalipwa yote tarehe 1 Februari 2015.

Watu wengi walikuja kujua miaka mitatu baadae, Februari 2018, Hazina ilipoandika Twitter kwa furaha kabisa kwamba mamilioni yenu mlisaidia kukomesha biashara ya watumwa kupitia kodi zenu. Ikafutwa haraka watu walivyokasirika. Na miezi miwili tu mbele ikalipuka ile kashfa ya kizazi cha Windrush, wazee waliokuja kutoka Karibiani kihalali tangu meli ya Empire Windrush ilipofika 1948, wamelipa kodi miaka yote, halafu wakaambiwa walete karatasi kuthibitisha wana haki ya kuishi Uingereza, wengine wakanyimwa matibabu, wengine wakarudishwa. Mlipa kodi wa deni la utumwa na aliyeambiwa hapa si kwako alikuwa mtu mmoja, ndo maana yule binti aliuliza kwa hasira.

Na tusidhani pwani yetu ilikuwa tofauti. Zanzibar, chini ya ulinzi wa Uingereza, amri ya Aprili 1897 ya Sultan Hamoud ilifuata njia ileile, mtumwa aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, bwana wake alipwe fidia. Masuria kwa jumla wakaachwa nje mpaka 1909.

Kama unataka kuangalia mwenyewe, chuo cha University College London, yaani UCL, walichukua makaratasi ya ile tume ya fidia wakayaweka kwenye databezi ya bure mtandaoni tangu 2013, unaandika jina linakuletea. Ndo humo watu walikuta ndugu wa ukoo wa David Cameron, Jenerali James Duff, alilipwa pauni 4,101 kwa watu 202 Jamaica, na Cameron huyohuyo akiwa waziri mkuu alikwenda Jamaica mwaka uleule wa 2015, akaahidi pauni milioni 25 za kujenga gereza. Fidia kwa vizazi vya waliokuwa watumwa hakutaka kuizungumza.

Yule binti nilimtumia linki. Wakakaa na bibi yake jikoni, akaandika jina la ukoo la baba yake, maana Wajamaika wengi wana majina ya wenye mashamba, na yakatoka madai kadhaa, jina la shamba, idadi ya watu, halafu pauni, shilingi na peni. Bibi akamwambia mjukuu amsomee tena jina la shamba la tatu. Alisema hilo ndo jina la kijiji alichozaliwa, na hakuwahi kujua kama lilikuwa jina la shamba la mtu.