Mtoto wa Kiyahudi wa Paris, 1942: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukimwuliza mtu jinsi familia za Kiyahudi zilivyochukuliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, atakutajia askari wa Kijerumani, mbwa na bunduki. Kwingine ndivyo ilivyokuwa. Paris haikuwa hivyo.

Dhana: Waliowakamata walikuwa Wajerumani

Alfajiri ya tarehe 16 Julai 1942, waliogonga milango walikuwa polisi wa Ufaransa waliovaa sare zao za kila siku, mikononi wakiwa na kadi za majina na anwani. Kadi hizo zilitokana na uandikishaji wa mwaka 1940, Wayahudi walipoamriwa kujiandikisha kwenye vituo vya polisi. Wengi mno walikwenda. Wengi wa waliokuja kusakwa walikuwa wahamiaji, na ukiishi ugenini unajitahidi kutii sheria.

Kwa siku mbili walikamatwa watu 13,152, wakiwamo watoto 4,115. Waliwabeba kwa mabasi ya abiria ya mjini. Familia zenye watoto zikajazwa kwenye Vélodrome d'Hiver, uwanja wa mbio za baiskeli karibu na mnara wa Eiffel, vyoo havitoshi, maji ya shida, na joto la Julai.

Wajerumani walikuwa wameomba watu wa umri wa miaka 16 na kuendelea. Aliyependekeza watoto nao wachukuliwe ni Pierre Laval, mkuu wa serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani walioiteka nchi, ambaye alijitetea kwamba hataki kuzitenganisha familia.

Dhana: Angalau watoto walikwenda na mama zao

Kutoka uwanjani, familia zilipelekwa kwenye kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande, kusini mwa Paris. Kibali cha Berlin kuhusu watoto kilikuwa hakijafika, ila treni zilikuwa na ratiba na lazima zijae. Basi wakaanza kuwasafirisha watu wazima na vijana wakubwa. Akina mama waling'ang'ania watoto wao, wakatenganishwa nao kwa vipigo.

Watoto wakabaki peke yao kambini, wengine wadogo kiasi cha kutojua jina lao la ukoo. Kuanzia katikati ya Agosti walihamishiwa Drancy, kambi iliyo kando ya Paris, wakapakiwa kwenye mabehewa pamoja na watu wazima wasiowajua, wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland. Huko wadogo hawakupewa hata namba ya mfungwa. Walishushwa, wakapelekwa kwenye vyumba vya gesi. Hapo ndipo utetezi wa Laval ulipoishia.

Dhana: Aliyezaliwa Ufaransa alikuwa salama

Msako ule uliwalenga Wayahudi wa kigeni na wasio na utaifa, wengi wao kutoka Poland: mafundi cherehani na washonaji wa makoti ya manyoya wa Belleville na Marais, mitaa ya Paris, waliolala familia nzima katika chumba kimoja au viwili. (Wanaodhani kila Myahudi wa Ulaya alikuwa na benki wangepaswa kuviona vyumba hivyo.) Lakini watoto wao wengi walizaliwa Paris, walikuwa raia, walizungumza Kifaransa darasani na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, nyumbani. Uraia wao haukuhesabiwa.

Tangu tarehe 7 Juni mwaka huo, kila Myahudi mwenye umri wa miaka 6 au zaidi alilazimika kushona nyota ya njano kwenye nguo yake, kifuani, na kitambaa cha nyota hizo kilikatwa kwenye kuponi yake mwenyewe ya mgawo wa nguo. Mwezi uliofuata wakafungiwa bustani, sinema na maktaba. Kwenye treni ya chini ya ardhi walipanda behewa la mwisho tu. Shule ya msingi ya serikali ilibaki wazi kwao, kwa hiyo mtoto aliketi na nyota yake kati ya wenzake waliomjua tangu darasa la kwanza.

Dhana: Walikwenda kama kondoo

Polisi walikuwa wametayarisha kadi zaidi ya 27,000. Zaidi ya nusu ya waliotafutwa hawakupatikana, kwa sababu fununu zilivuja kutoka polisi kwenyewe na vipeperushi vya Kiyidi vilipita mkono kwa mkono. Kilichowaponza waliobaki ni kwamba misako ya mwaka 1941 ilichukua wanaume peke yao. Baba akajificha. Mama akabaki na watoto, akiamini hawaguswi.

Dhana: Vichy iliwakinga Wayahudi wa Ufaransa

Hoja hii hujengwa juu ya hesabu ya kweli: takriban robo tatu ya Wayahudi wa Ufaransa walinusurika. Ila watoto walinusurika kwa sababu wakulima, watawa, wachungaji na mitandao ya siri ya Kiyahudi waliwaficha, kama huko kijijini Le Chambon-sur-Lignon, mara nyingi kwa vyeti bandia vya kuwadanganya maofisa wa Vichy hiyo hiyo. Zaidi ya watoto 11,000 walipelekwa kambini kutoka Ufaransa.

Dhana: Picha ya ndani ya uwanja inaonyesha wafungwa wa 1942

Hapana. Ile iliyozoeleka ni ya 1944, na waliomo ni watu walioshukiwa kushirikiana na Wajerumani. Mwanahistoria Serge Klarsfeld ndiye aliyefichua kosa hilo.

Dhana: Vita vilipoisha, walionusurika walirudi nyumbani

Nyumba gani? Paris pekee, Wajerumani walikuwa wamekomba samani za makumi ya maelfu ya makazi ya Wayahudi, na mengi yalikuwa na wapangaji wapya. Watoto waliofichwa wakiwa wachanga hawakuwakumbuka wazazi wao.

Ndugu wawili wa familia ya Finaly, Robert na Gérald, wazazi wao walikamatwa mwaka 1944 na hawakurudi. Shangazi yao aliomba akabidhiwe watoto hao tangu 1945. Mlezi wao wa Grenoble, Antoinette Brun, alikataa, akafanya wabatizwe Wakatoliki mwaka 1948. Mahakama ilipoamuru warudishwe, walivushwa mpaka kwa siri hadi Hispania, baadhi ya mapadri na watawa wakisaidia. Walikabidhiwa kwa jamaa zao katikati ya 1953, miaka minane baada ya vita.