Panya wa 1908 na bosi wa Posta

Nimeisikia tena wiki iliyopita, kutoka kwa meneja mmoja kwenye semina pale Posta, Dar es Salaam: "Mtaalamu, presha kidogo ndiyo inamchangamsha mfanyakazi." Kisha akachora kile kilima hewani kwa kidole: presha ikipanda, kazi inaboreka hadi kileleni, halafu inashuka. Kilima hiki kimenichosha.

Asili yake ni watafiti wa saikolojia, Yerkes na Dodson, mwaka 1908, na waliowapima ni panya, si wahasibu. Panya anachagua kati ya kijumba cheupe na cheusi. Akikosea anapigwa shoti. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali ilimfundisha haraka. Rangi zilipokaribiana, kazi ikawa ngumu, na shoti kali ikamvuruga. Nusu hiyo ya pili mameneja huiruka. Kushusha maboksi Kariakoo, labda kelele zinasaidia. Kufunga hesabu za mwezi, hapana.

Nilimwona dada mmoja akifunga hesabu, bosi kasimama nyuma ya kiti chake, macho kwenye saa. Milioni 4.5 akaiandika 5.4. Akaurudia mstari uleule mara tatu, kosa halioni. Nusu ya akili iko kwenye tarakimu, nusu iko mgongoni. Bosi alipotoka kwenda kunywa chai, dada akaliona.

Usingizi kukata, presha ya damu kupanda, utoro: hayo mnayajua. Kinachoniudhi ni kudhani tatizo ni wingi wa kazi tu. Mtafiti wa mambo ya kazi, Karasek, mwaka 1979, alionyesha kuwa mchanganyiko mbaya zaidi ni kazi nyingi na kukosa kauli juu ya kazi yenyewe. Mwenye duka anaweza kukesha kuliko karani wake, lakini saa ya kufunga anaipanga mwenyewe. Karani anapigiwa simu saa tatu usiku, bado amening'inia kwenye daladala ya Mbagala, anaambiwa ripoti imebadilika na inatakiwa asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Simu ile sijawahi kuiona kwenye mahesabu ya saa za mtu.

Nikiri kitu. Wapo wanaong'ara kwenye presha, nimewaona. Ila sijui kama presha ndiyo iliwajenga, au walioshindwa walishaacha kazi kabla sijafika na dodoso langu. Na dodoso lenyewe watu hulijaza wakihisi bosi atalisoma.

Yule meneja wa kilima anataka niwafundishe watu wake "kuvumilia stresi". Nikamuuliza, tarehe za ripoti anapanga nani? Ni yeye. Nikamwambia basi tuanzie hapo. Barua pepe yangu bado haijajibiwa.