Kiwango cha Urithi wa Uzito: Maana Yake

Mama mnene akiongozana na binti mnene, watu husema kwamba binti "amefuata mwili wa mama yake". Usemi huo una ukweli ndani yake, ila hautuelezi mwili huo umefuatwa kwa njia ipi, kwa kuwa mzazi humpa mtoto vinasaba na papo hapo humpa sufuria moja, saa ya kula, ukubwa wa sahani na mazoea ya kutembea au kupanda gari.

Kiwango cha urithi ni makadirio ya sehemu ya tofauti za uzito baina ya watu wa jamii fulani inayotokana na tofauti za vinasaba vyao. Ili kukipima, watafiti huwatafuta watu waliozaliwa na hawa wakalelewa na wale. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark walioasiliwa utotoni, na ikaonekana kwamba unene au wembamba wao ulihusiana na ule wa wazazi waliowazaa, wala haukuhusiana na ule wa wazazi waliowalea. Mwaka 1990 pacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali nchini Sweden walitoa kiwango cha takriban asilimia 70.

Hapa ndipo wengi hukosea. Asilimia 70 haina maana kwamba mtu wa kilo 100 amepewa kilo 70 na wazazi wake. Kipimo hiki huzungumzia tofauti kati ya watu wengi, na kwa mtu mmoja hakisemi lolote. Tena hubadilika kufuatana na mazingira. Katika shule ya bweni ambako wote hupakuliwa ugali na maharage kwa kipimo kilekile, tofauti za chakula hupungua, hivyo sehemu kubwa zaidi ya tofauti za uzito zilizobaki hutokana na urithi, ijapokuwa vinasaba vya wanafunzi havikubadilika hata kidogo. Kwa maoni yangu, matokeo ya Denmark nayo yasomwe kwa tahadhari hiyo, maana familia zinazoruhusiwa kuasili huchujwa, na nyumba zao hazitofautiani sana.

Kinachorithiwa, kwa sehemu kubwa, si mafuta yenyewe bali hamu ya kula na wepesi wa kushiba. Kinasaba kiitwacho FTO, ambacho uhusiano wake na unene ulitangazwa mwaka 2007, kina aina ambayo watu wazima walioirithi kwa baba na kwa mama walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasio nayo kabisa. Mwenye hamu kubwa ya kula aliyekulia penye uhaba wa chakula anaweza kubaki mwembamba maisha yake yote, na unene ukaja kuonekana kwa mwanawe aliyehamia mjini.